Kihariri chepesi au IDE? Mwongozo kamili kwa mwenye kompyuta ya GB 4

Jumamosi moja kijana wa Ujiji alinifuata hapa Mwanga, Kigoma, na laptopu mkononi. "Kaka, mashine imekufa." Haikuwa imekufa. Ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka, na ndani yake kulikuwa na mazingira matatu makubwa ya kuandikia programu (IDE), yote yamefunguliwa kwa mpigo, kila moja likipekua mafaili kwa wakati wake. Nikamuuliza anatengeneza nini. Akanionyesha ukurasa mmoja wa wavuti, wa HTML, wenye picha ya samaki aina ya migebuka na namba ya simu ya mama yake.

Ukurasa ule ungeandikwa kwa Notepad, na mashine isingejua hata kama kuna kazi inaendelea. Kijana alikuwa ameangalia video ya mtu mwenye kompyuta kubwa, akasakinisha kila kilichotajwa. Simlaumu, nami nilianza hivyo hivyo. Mwongozo huu ni kwa ajili yake na wenzake.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Kihariri ni programu ya kuandikia matini tupu: Notepad, Notepad++, Geany, Sublime Text, nano, Vim. Kinafungua faili, unaandika, kinahifadhi, basi. Vingi hupaka rangi maneno ya lugha unayoandika ili macho yasichoke. IDE (Integrated Development Environment), kama tunavyoiita kwa herufi zake tatu, ni karakana nzima: kihariri kimo, kompaila (inayogeuza ulichoandika kuwa programu) imo au imeunganishwa, kuna dibaga ya kusimamisha programu katikati na kuchungulia ndani, na kuna msaidizi anayekukamilishia majina na kukuonya ukikosea. Visual Studio, IntelliJ IDEA, Eclipse, NetBeans, PyCharm na Android Studio ziko kundi hili. Ninachoandika ndani ya vyombo hivi nitakiita msimbo. Nikisema kodi, kuna watu wataanza kutafuta risiti.

Pwani ya Ujiji mafundi wa mitumbwi hawabebi karakana nzima kwenda kuziba ufa mmoja. Wanakwenda na tezo na pamba. Lakini boti jipya la abiria halichongwi kwa tezo peke yake.

Pima mashine kabla ya kupakua chochote

Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Nenda sehemu ya Performance, kisha Memory. Hapo utaona una RAM kiasi gani na imetumika kiasi gani. Angalia ukiwa hujafungua kitu chochote. Windows 10 au 11 ikiwaka tu hula GB 2 hivi au zaidi, kwa hiyo mwenye GB 4 amebaki na nusu. Sasa fungua kivinjari, weka kurasa tatu unazozisoma ukijifunza, urudi uangalie tena. Kinachobaki ndicho cha kihariri au IDE, sio ile namba iliyobandikwa kwenye kasha. Mwenye Linux aandike free -h kwenye teminali (dirisha la kuandikia amri), atapata jibu lile lile.

Angalia pia diski yako ni ya aina gani. Task Manager hiyo hiyo, sehemu ya Disk, huandika SSD (isiyozunguka, yenye kasi) au HDD (ya kuzunguka). Kwa Notepad++ haijalishi. Kwa IDE inajalisha kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kila unapofungua mradi inapitia mafaili yote ili ijue kila jina liko wapi, na diski ya kuzunguka hapo huhema kama baiskeli inayopanda mlima na gunia la mkaa. Ukiwa na fedha ya kuongeza kitu kimoja kwenye laptopu ya mtumba, mimi ningeanza na SSD, halafu RAM.

Namba za kukumbuka ni hizi. Notepad++ kuipakua haifiki MB 10. Thonny ni MB 20 hivi. Visual Studio Code ni takriban MB 100, na watengenezaji wake wanasema inatosha RAM ya GB 1, ingawa ukiijaza viendelezi (programu ndogo za kuiongezea uwezo) itataka zaidi. Android Studio inazidi GB 1 kwa kupakua tu, inataka angalau GB 8 za RAM, na ukitaka kuiendesha pamoja na emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) wanakuambia 16. Visual Studio ile kubwa, ambayo si ndugu pacha wa Visual Studio Code licha ya jina, inaweza kumeza makumi ya GB za diski kutegemea unachochagua wakati wa kusakinisha.

Haikuwa hivi daima. Turbo Pascal iliyotoka mwaka 1983 ilikuwa na kihariri na kompaila ndani ya programu moja, na yote ilikuwa ndogo kuliko picha moja unayotumiwa WhatsApp.

Kile kitufe cha kijani kinafanya nini

Hapa ndipo napenda kuchelewa, kwa sababu wanafunzi wangu wengi hukwama hapa bila kujua wamekwama. Ndani ya IDE kuna kitufe cha kuendesha programu. Ukikibonyeza, kinafanya mambo manne: kinahifadhi faili, kinaingia kwenye folda sahihi, kinaita kompaila au kitafsiri cha lugha, kisha kinakuonyesha matokeo. Mtu aliyezoea kitufe tu, siku akipewa kompyuta isiyo na IDE yake anasema hajui Python. Anaijua. Asichokijua ni hayo mambo manne.

Kwa hiyo hata kama mwisho utachagua IDE, fanya zoezi hili mara moja kwa mkono. Tengeneza folda uiite mauzo. Fungua Notepad na uandike:

bei = 20000
kilo = input("Kilo ngapi? ")
print("Jumla:", bei * kilo)

Hifadhi kwa jina mauzo.py ndani ya folda ile. Mtego wa kwanza upo hapa: Notepad hupenda kuongeza .txt mwishoni, ukapata mauzo.py.txt, na Windows hulificha hilo .txt usilione. Kwenye dirisha la mafaili nenda View, washa uonyeshaji wa File name extensions, uone jina kamili. Wakati wa kuhifadhi chagua All files kwenye aina ya faili. Nimeona mtu akipoteza siku nzima kwa herufi tatu hizi.

Sasa bofya ile nafasi ya juu inayoonyesha njia ya folda, futa, andika cmd, bonyeza Enter. Teminali inafunguka ikiwa tayari ndani ya folda. Andika python mauzo.py. Ikikupeleka kwenye duka la Microsoft badala ya kuendesha programu, maana yake wakati wa kusakinisha Python hukuweka tiki kwenye kile kisanduku cha kuiongeza kwenye PATH, orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu. Jaribu py mauzo.py kabla hujasakinisha upya.

Programu ikiuliza kilo ngapi, jibu 3. Ulitegemea 60000. Utapata kioo kizima kimejaa 3333333, mara elfu ishirini.

Shangazi yangu anauza dagaa Kibirizi, hapa hapa Kigoma, na programu hii nilimwandikia yeye. Alipoona tatu zile aliuliza kama kompyuta imepandwa na shetani. Kosa lilikuwa langu. Kinachoingia kupitia input ni maneno, sio namba, hata kama mtu ameandika 3. Na Python ikiambiwa zidisha neno mara 20000, inalirudia mara 20000. Haioni kosa lolote.

Tumia kosa hilo hilo kupima vyombo. Kwenye kihariri chepesi utalitafuta kwa kuongeza mstari mmoja, print(repr(kilo)), na utaona '3' ikiwa na alama za nukuu. Nukuu ndizo zinazosema hili ni neno. Kwenye Thonny, ambayo ni IDE ndogo iliyotoka Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza, fungua View, kisha Variables, halafu endesha kwa Ctrl na F5 ili ipite hatua kwa hatua, ukisogea kwa F6. Pembeni utaiona kilo ikiwa na '3' yenye nukuu bila kuongeza mstari wowote. Njia zote mbili zinafika. Ya pili inafika haraka, hasa ukiwa na vigeu (majina yanayobeba thamani, kama kilo) ishirini badala ya kimoja.

Wala usidhani IDE kubwa ingekuonya. Lugha yenyewe inaruhusu kuzidisha neno kwa namba, kwa hiyo hakuna mstari mwekundu utakaotokea. Msaidizi anajua sarufi ya lugha. Kwamba dagaa hupimwa kwa kilo, hilo halijui.

Dawa ni kilo = float(input("Kilo ngapi? ")). Nimeweka float (namba yenye desimali) badala ya int (namba nzima) kwa sababu wateja wa Kibirizi hununua kilo mbili na nusu, na int ikipewa 2.5 inagoma.

Kuandaa kihariri chepesi kikusaidie kweli

Kama kazi yako ni HTML, CSS, PHP, Python fupi au C ya darasani, kihariri chepesi kinatosha, lakini usikitumie kama kilivyotoka dukani. Fanya haya.

Weka mafaili yahifadhiwe kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote. Kwa Kiswahili hutaona tofauti, herufi zetu hazina vikorombwezo, ila siku utakapoandika jina la mteja wa Burundi lenye é ndipo utaona vinyago.

Kwa Python, kiambie kitufe cha Tab kiandike nafasi nne badala ya alama ya tab. Python 3 inakataa kuchanganya hivyo viwili, na kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Halafu umeme. Hapa kwetu, kabla ya gridi ya taifa kufika, tuliishi kwa jenereta za dizeli, na tabia ya kuhifadhi kila baada ya sentensi haijatutoka. Notepad++ huweka nakala ya akiba ya kile ambacho hujakihifadhi kila baada ya sekunde chache. Hakikisha mpangilio huo umewashwa. Visual Studio Code ina Auto Save kwenye menyu ya File, iwashe. Vim huacha faili la akiba lenye mwisho wa .swp, na ukirudi baada ya umeme kukatika unaandika vim -r na jina la faili kuokoa kazi. Pamoja na hayo yote, mwisho wa siku nakili folda kwenye flashi.

Nimetaja Vim, basi niseme jambo dogo. Ukiifungua bila faili, inakuomba usaidie watoto wa Uganda. Si utani. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991, alijitolea mwaka mmoja Kibaale, kusini mwa Uganda, miaka ya 1990, na tangu hapo akawaomba watumiaji wachangie kituo cha watoto cha huko badala ya kumlipa yeye. Alifariki Agosti 2023. Ni kihariri kigumu kwa wiki mbili za kwanza. Wengi hawajui hata kutoka. Bonyeza Esc, andika :q! kisha Enter. Kijifunze kidogo hata kama hukipendi, kwa sababu siku utakapoingia kwenye seva kupitia teminali, huenda kikawa ndicho pekee kilichopo, au nano.

Njia ya katikati

Visual Studio Code ilitangazwa na Microsoft mwaka 2015, na imefuta mpaka uliokuwepo. Ukiisakinisha tupu ni kihariri. Ukiongeza kiendelezi cha Python, cha PHP au cha Java, inasogea kuelekea IDE. Ujanja ulio nyuma yake ni kwamba msaidizi wa lugha amewekwa kuwa programu ya pembeni inayozungumza na kihariri kwa utaratibu mmoja unaofahamika, uliotangazwa 2016. Ndiyo maana siku hizi hata Vim inaweza kupata ukamilishaji wa majina uliokuwa wa IDE peke yake.

Hatari yake ni uroho. Kila kiendelezi ni mgeni anayekula kwenye sahani yako ya GB 4. Weka cha lugha unayoandika leo, vingine vizime. Kiendelezi kinaweza pia kuhifadhiwa kama faili la .vsix na kusakinishwa bila intaneti, kwa hiyo mmoja wenu akipakua, kundi zima linapata kwa flashi.

Kwa kijana wangu wa Ujiji tulifuta yale matatu, tukabaki na Visual Studio Code na kiendelezi kimoja. Kivinjari kikabaki na nafasi ya kupumua.

Dalili kwamba sasa unahitaji IDE

Sio umri wala cheti. Ni kazi inayokusukuma. Umebadili jina la kitendakazi (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) kwenye faili moja, ukasahau mengine kumi na mawili yanayokiita. IDE hubadili yote kwa amri moja na inajua kutofautisha jina hilo na neno linalofanana nalo ndani ya maelezo. Umefukuza hitilafu siku mbili kwa kumwaga print kila mahali. Umeajiriwa mahali ambapo timu yote inatumia chombo kimoja na mipangilio ya mradi imo ndani yake. Au unatengeneza app ya Android kwa lugha ya Kotlin, ambapo kukwepa Android Studio kunawezekana lakini kunakuchosha kuliko kuitumia.

Java ninaitolea ushauri wa pekee. Wiki tatu za kwanza andika kwa kihariri na uite javac (kompaila yake) na java (inayoendesha programu) mwenyewe. Baada ya hapo hamia IntelliJ IDEA, Eclipse au NetBeans bila aibu. Java ina maneno mengi mno ya kuandikwa kwa vidole pekee, na anayejivunia kuandika mradi mkubwa wa Java kwa Notepad anajitesa kwa hiari. C# ni karibu hivyo hivyo.

Kuipakua bila kulia

Usiku mmoja nilinunua bando la usiku nikaanza kupakua IDE kubwa. Ikafika asilimia themanini na kitu, umeme ukakatika, ruta ikazimika. Kivinjari kikaanza upya kutoka sifuri, na bando likaisha alfajiri. Kosa ni langu. Nilitumia kivinjari kitupu badala ya programu ya kupakulia inayoweza kuendelea pale ilipoishia. Usirudie.

Tafuta kisakinishi kamili, sio kile kidogo cha MB chache ambacho kazi yake ni kupakua mengine baadaye. Kabla ya kuanza, ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa Windows uuweke kama mtandao wa kupimwa, metered, ili masasisho yasikuibie bando katikati. Faili likishafika, au ukiletewa na ndugu aliyekuja na treni kutoka Dar es Salaam, lihakiki: andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe namba ndefu itakayotokea na ile iliyoandikwa kwenye tovuti ya watengenezaji. Zikitofautiana hata herufi moja, faili limeharibika njiani au limechezewa.

Kuna flashi zinazozunguka zikiwa na IDE za kulipia zilizovunjwa. Achana nazo. IntelliJ na PyCharm zina sehemu ya kutumika bure, Visual Studio Community ni bure kwa mwanafunzi, na JetBrains huwapa wanafunzi wa vyuo leseni bila malipo. Huna sababu ya kubeba virusi.

Kwa Android jiandae kisaikolojia: mradi wa kwanza ukifunguliwa, Gradle, chombo kinachojenga mradi, itapakua maktaba za mamia ya MB tena. Fanya hivyo siku yenye bando. Baada ya hapo unaweza kuiweka ifanye kazi bila mtandao. Na emuleta iache kabisa kama RAM ni GB 8. Chukua simu yako, nenda kwenye maelezo ya simu, gonga Build number mara saba, washa USB debugging, chomeka waya. App itafunguka kwenye simu halisi na kompyuta itabaki baridi.

Asiye na kompyuta kabisa

Aanze na simu. Acode kwa HTML na JavaScript, Pydroid 3 kwa Python, Termux kwa anayetaka teminali yenye nano na Vim. Kibodi ndogo ya Bluetooth au ya waya husaidia sana. Kuandika msimbo kwa kidole gumba kunawezekana kwa mistari thelathini. Ikizidi hapo, mtu anaanza kuchukia fani bure.

Na ile programu ya dagaa? Mimi naiandika kwa Thonny. Lakini kompyuta ya Kibirizi ni ya mezani, kuukuu, ya binamu yangu, na Thonny huja na Python yake ya ndani ambayo teminali haiioni, kwa hiyo pale nilisakinisha Python peke yake, bila kihariri chochote cha ziada. Nikamwandikia shangazi mistari mitatu kwenye karatasi: fungua folda ya mauzo, andika cmd pale juu, andika python mauzo.py. Imebandikwa pembeni ya kioo. Juzi bei ya dagaa ilipopanda alifungua faili kwa Notepad, akabadili 20000 mwenyewe, akahifadhi. Nilijua baada ya wiki, nilipokwenda kununua.